Maswali ya Wasomaji: Baridi Inayopanda Kutoka Chini ya Bembea

SWALI: Kwako mshauri wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tatu kuishi Duluth, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Wenzangu kazini wana desturi ya kwenda kulala msituni hata wakati wa theluji, na badala ya mahema hutumia bembea za kitambaa zinazofungwa kati ya miti miwili. Nilinunua bembea yangu pamoja na mfuko wa kulalia ulioandikwa kwamba unafaa hadi nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwezi wa Novemba nilijaribu kulala nyuma ya nyumba, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 9 tu chini ya sifuri. Kifua kilikuwa na joto, lakini ilipofika saa nane za usiku mgongo, makalio na mabega yalikuwa kama yamelazwa juu ya barafu. Niliongeza blanketi mbili juu yangu, hazikunisaidia hata kidogo, nikarudi ndani. Je, nimeuziwa mfuko mbovu? Wenzangu wanapanga safari ya siku mbili mwezi wa Januari katika msitu wa Superior, nami ningependa sana kufuatana nao. — Msomaji, Duluth

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nakuondolea shaka juu ya aliyekuuzia, kwa kuwa mfuko wako huenda ni mzima kabisa. Ili uone tatizo lilipo, naomba urudi kwa fikra nyumbani Tanga, kwenye kitanda cha kamba kilichotolewa uani na kuwekwa chini ya mwembe wakati wa joto la Februari. Mzee anayejinyoosha juu yake baada ya chakula cha mchana hapati raha kwa sababu ya kivuli peke yake. Kamba zile zimeachana, na upepo wa baharini unapita chini yake na kuchukua joto la mgongo. Bembea nayo ilibuniwa na watu wa nchi za joto, ambao walitaka kulala juu ya unyevu na wadudu wa ardhini huku hewa ikiwazunguka pande zote. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilala ndani ya bembea za pamba kabla Christopher Columbus hajafika kwao mwaka 1492, na neno lao, hamaka, ndilo lililoenea katika lugha za Ulaya. Chombo hicho kinapoza mgongo, na hakibadilishi tabia yake kwa sababu wewe umekipeleka Minnesota.

Sasa tazama kilichotokea usiku ule. Manyoya ya bata yaliyo ndani ya mfuko wako hayatoi joto lolote. Kazi yake ni kushika hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili wako lisitoroke. Juu ya kifua chako manyoya yalikuwa yamefura vizuri, kwa hiyo kifua kilipata joto. Chini ya mgongo, uzito wako uliyabana hata yakawa membamba kama shuka, hewa ikasukumwa nje, na kati ya ngozi yako na upepo wa Novemba kukabaki vitambaa vitatu vinne visivyo na maana. Anayelala ndani ya hema hupatwa na hali hiyohiyo ya manyoya kubanwa, ila yeye ana godoro chini yake, na ardhi haipepei. Wewe ulikuwa na hewa inayotembea chini yako usiku kucha. Ndiyo sababu blanketi mbili ulizoongeza juu hazikufaa kitu: uliongeza kinga upande ambao haukuwa na shida.

Kuhusu nambari iliyoandikwa kwenye mfuko, iko haja ya kuielewa. Katika vipimo vya kimataifa vinavyotumiwa na watengenezaji wengi, mfuko huvalishwa sanamu yenye vipasha joto na vipima joto, na sanamu hiyo hulazwa juu ya godoro. Kipimo hicho hakina habari na mtu anayening'inia hewani. Tena hutolewa nambari mbili muhimu: ya kwanza ni ya kulala kwa raha, na ya pili ni ya kikomo, yaani mtu aliyejikunja anaweza kulala bila kutetemeka. Nambari inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ile ya kikomo, na tofauti kati ya hizo mbili huweza kufika nyuzi sita au saba. Tafuta kibandiko cha ndani cha mfuko wako usome zote mbili, kisha upange safari kwa ile ya raha.

Tiba ya mgongo wako ni kuweka kinga mahali ambapo uzito wako hauwezi kuibana, na mahali hapo ni nje ya bembea, upande wa chini. Wanaolala kwenye bembea wakati wa baridi hutumia mfarishi uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye manyoya ya bata bukini au nyuzi za viwandani, unaofungwa kwa kamba za mpira kwenye ncha mbili za bembea ukaning'inia chini yake kama bembea ya pili. Kwa kuwa haukaliwi, hubaki umefura usiku wote. Kwa baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mfarishi wa manyoya mazuri unaofaa huwa na unene wa takriban sentimita 7 hadi 9. Januari ya kaskazini mwa Minnesota inaweza kwenda chini zaidi ya hapo, kwa hiyo wako wanaofunga mifarishi miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukiwa na mfarishi wa chini, mfuko wako unaweza kuufungua zipu na kuutumia kama mfarishi wa juu, ukiziba miguu tu, jambo ambalo pia hukuondolea shida ya kuhangaika ndani ya mfuko huku bembea inayumba.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi hununua mfarishi wa gharama kubwa kisha wakaendelea kuganda. Mfarishi ukining'inia chini sana, ukaachana na kitambaa cha bembea hata kwa upana wa vidole vitatu, hewa baridi huingia katika nafasi hiyo na kuzunguka, na ni kama hukufunga kitu. Ukikazwa mno, bembea inapobonyea kwa uzito wako huubana, nao hupoteza unene wake. Unatakiwa uguse mgongo wako kwa upole kuanzia mabegani hadi magotini au miguuni bila kubanwa, na miisho yake miwili ifungwe pasibaki uwazi wa kupitisha upepo. Hili halipimwi kwa macho ukiwa umesimama. Ingia ndani, lala kwa namna utakayolala, mwambie mwenzako apitishe mkono kati ya bembea na mfarishi tangu mabegani hadi kwenye nyayo, na akikuta uwazi mzikaze kamba kidogo kidogo. Kamba za mpira hulegea na kushupaa kwa baridi, kwa hiyo marekebisho uliyoyafanya sebuleni yatahitaji kurudiwa msituni. Ukiamka usiku ukahisi baridi imekaa mahali pamoja tu, tuseme chini ya bega la kushoto, basi dalili hiyo ni ya uwazi, na dakika tano za kurekebisha kamba zitakufaa kuliko nguo nyingine tatu.

Jinsi ya kulala kwenyewe kuna sehemu yake. Bembea isikazwe ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Iache ilegee, kamba zake zishuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kisha ulale kwa mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa kati na miguu upande wa pili. Ukilala hivyo mgongo hunyooka, na mfarishi hukugusa sawasawa. Mikanda ya kufungia kwenye miti iwe mipana, isipungue sentimita 2.5, ili isikate magome.

Kama fedha za mfarishi hazijapatikana, godoro la kambini linaweza kuchukua nafasi yake. Lile la sponji ngumu isiyonyonya maji ni rahisi, halipasuki, na huingizwa kati ya tabaka mbili za bembea kama bembea yako imeshonwa hivyo. Upungufu wake ni kwamba ni jembamba kwa upana, na kitambaa cha bembea kinakukumbatia mabegani, mahali ambapo godoro halifiki. Wenye uzoefu hukata vipande viwili vya ziada na kuviweka mabegani kwa mshazari. Nguvu ya godoro ya kuzuia baridi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa R, na magodoro mawili yakipandanishwa R zake hujumlishwa. Kwa baridi ya Januari, sponji moja yenye R ya 2 haitoshi. Hata ukishanunua mfarishi, nakushauri ulibebe godoro hilo vilevile, kwa sababu mkanda ukikatika au mfarishi ukiloa itakubidi ulale chini, na kulala juu ya theluji bila godoro ni hatari kuliko tatizo lililokutoa kwenye bembea.

Nimelieleza la mgongo kwa urefu kwa kuwa ndilo lililokurudisha ndani. Yaliyobaki ni ya mwili wako na ya mahali utakapofunga kambi.

Mwili wako ndio jiko pekee ndani ya mfarishi. Mtu aliyelala hutoa joto linalokaribia la balbu ya zamani ya wati 75, na kazi yako yote ni kulihifadhi joto hilo na kulipatia kuni. Usipande kitandani huku umeshapoa. Kula chakula chenye mafuta muda mfupi kabla ya kulala, kama karanga, jibini au chokoleti, kunywa kitu cha moto, kisha tembea haraka au piga magoti na kusimama mara ishirini, ukikoma kabla ya kutoka jasho. Pombe iache. Hufungua mishipa ya damu karibu na ngozi, ukahisi joto kwa dakika chache huku joto la ndani ya mwili likimwagika nje. Haja ndogo usiizuie usiku kucha, kwa maana usumbufu wake hukunyima usingizi. Wengi huweka chupa maalumu, yenye alama inayotambulika hata kwa kupapasa gizani, ili wasilazimike kutoka nje.

Nguo za kulalia ziwe kavu na ziwe za kulalia tu. Zile ulizotembea nazo mchana zina jasho hata kama hulioni, na jasho hilo hukupoza linapokauka. Vaa nguo za ndani za sufu au za nyuzi za viwandani, za mikono mirefu na suruali ndefu, soksi zisizobana, na boshori inayofunika masikio na shingo. Pamba, ambayo sisi wa pwani tumeizoea na kuipenda, hushika maji na kukaa nayo, kwa hiyo fulana zako za pamba ziache nyumbani. Nalo tamaa la kuingiza uso ndani ya mfuko lishinde. Pumzi yako ina unyevu mwingi, unyevu huo huingia ndani ya manyoya na kuganda humo, na manyoya yaliyoloa hunywea. Pua na mdomo vibaki nje, vikifunikwa kwa kitambaa chepesi. Asubuhi utakuta ukungu ulioganda kwenye ukingo wa mfarishi. Ukung'ute kabla haujayeyuka, na kila likitoka jua au upepo mkavu uanike.

Chupa ya maji ya moto ni msaada ambao siuachi kamwe. Iwe chupa ngumu ya mdomo mpana, kifuniko chake kikazwe na kijaribiwe kwa kuigeuza juu ya theluji, kisha ivalishwe soksi na kuwekwa kati ya mapaja, ambapo mishipa mikubwa ya damu iko karibu na ngozi. Asubuhi utakuwa na maji ya kunywa yasiyoganda. Chupa nyingine za maji zigeuze kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, na ukizifungua asubuhi mdomo utakuwa wazi. Simu, betri na taa ya kichwani viingie nawe ndani ya mfuko, kwani baridi hupunguza sana nguvu ya betri.

Wenzako wakikuuliza maoni kuhusu jiko la gesi, waambie waangalie mtungi una gesi gani. Butani hukoma kugeuka kuwa mvuke inapokaribia nusu nyuzi chini ya sifuri, isobutani kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, ilhali propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi midogo ya kambini huwa na mchanganyiko, na propani ikishatangulia kwisha mtungi hukataa kuwaka ingawa bado ni mzito. Kwa sababu hiyo wengi wanaokaa kwenye baridi kali huchukua jiko la mafuta ya kimiminika, kama mafuta ya taa, linalopigwa pampu.

Kuhusu mahali, epukeni bonde, kwa sababu hewa baridi ni nzito na usiku hutiririka kwenda chini na kutuama humo kama maji. Epukeni pia mgongo wa kilima, kwenye upepo. Tafuteni mteremko wa katikati wenye misonobari iliyosongamana, mkague juu kama kuna matawi makavu au theluji nzito inayoweza kuanguka, na msifunge bembea kwenye mti uliokufa hata kama unaonekana imara. Turubai lishushwe hadi karibu na theluji, pande zake za mwisho zifungwe, na upande unaotoka upepo mrundike theluji kama ukuta. Upepo si jambo dogo: penye nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa hupoza ngozi iliyo wazi kama vile ni nyuzi 33 chini ya sifuri.

Sasa la Januari. Mji mdogo wa Tower, ulio jirani na msitu mnaotaka kwenda, ndio uliopata baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa katika jimbo la Minnesota, nyuzi 51 chini ya sifuri, tarehe 2 Februari 1996. Usiku wa namna ile ni nadra, lakini kwa nchi inayoweza kufika huko hakuna anayepaswa kujifunza mara ya kwanza akiwa mbali na gari. Lala nyuma ya nyumba tena usiku mitatu au minne, kila mara pakiwa na baridi zaidi, hadi uweze kulala mpaka alfajiri bila kuamshwa na mgongo. Ukifaulu, nenda nao. Usipofaulu kabla ya Januari, nenda ukalale hemani juu ya magodoro mawili, na bembea ifunge mchana. Mkiwa huko mtazamane. Mwenzenu akianza kutetemeka asiweze kuacha, ulimi ukawa mzito, vidole vikashindwa kufunga zipu, au akawa mkali bila sababu, joto la mwili wake linashuka. Mvueni nguo zilizoloa, mvisheni kavu, mkingeni na upepo na ardhi, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na itisheni msaada. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa na kusinzia, msifurahi. Hiyo ni hali mbaya zaidi, na anahitaji hospitali.

SWALI: Naomba kujua kama naweza kutumia bembea badala ya hema nikipanda Mlima Kilimanjaro. — Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa safari yote, hapana. Miti mikubwa inaishia karibu na mita 3,000, na baada ya hapo ni vichaka, kisha mawe matupu. Kambi ya Barafu, kwenye mita 4,673, haina hata kijiti cha kufungia mkanda. Tena mlimani mnalala katika kambi zilizopangwa na mnaongozana na waongozaji wenye leseni, kwa hiyo hata katika ukanda wa msitu usifunge chochote kwenye mti kabla ya kuwauliza wao na askari wa hifadhi. Chukua hema, godoro lenye R kubwa, na yale niliyomwambia ndugu wa Duluth kuhusu nguo kavu na chupa ya maji ya moto yatakufaa vilevile.

SWALI: Shikamoo mshauri. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mufindi. Mwezi wa Julai tunataka kulala kwenye bembea katika shamba la miti la jirani, baada ya kupewa ruhusa. Huku wakati huo asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Hatuna fedha za mifarishi. Je, tunaweza kushusha turubai hadi chini na kuweka jiko la mkaa chini ya kila bembea? — Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba, wanangu. Hapana, na nawaomba mlichukue neno hili kwa uzito wote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kujua kwamba anaumwa. Familia nzima zimekutwa zimekufa asubuhi kwa sababu ya jiko lililoingizwa chumbani wakati wa baridi. Turubai lililoshushwa hadi chini ni chumba. Mkaa uliofunikwa majivu, unaoonekana kama umezimika, bado unaitoa hewa hiyo. Zaidi ya hayo kitambaa cha bembea ni nailoni, na cheche moja hukiyeyusha pamoja na nguo za aliyemo.

Baridi yenu ni ya kuzunguka sifuri, na kwa baridi hiyo mnaweza kujikinga kwa vitu vya nyumbani. Kila mmoja achukue blanketi nzito, akunje pembe zake nne, azifunge kwa kamba kwenye ncha mbili za bembea ili blanketi ining'inie chini ikigusa kitambaa bila kubanwa. Chini ya blanketi hiyo fungeni karatasi ya nailoni au kanga nzito ya kuzuia upepo, mkiiacha wazi kidogo pembeni ili unyevu utoke. Ndani ya bembea tandikeni kipande cha sponji kinachofika mabegani, kisha mjifunike juu kama mnavyojifunika nyumbani. Pigeni jaribio uani kwa mmoja wenu kwanza.

Jiko lenu lichukueni, lakini likae nje, mbali na bembea na mbali na majani makavu ya misonobari, ambayo hushika moto haraka mwezi wa Julai. Pikieni juu yake ugali na maharage, mle mshibe, kisha chemsheni sufuria kubwa ya maji na kila mmoja ajaze chupa yake na kuivalisha soksi. Mkaa mwagieni maji hadi uache kufuka, mguse majivu kwa mkono kuhakikisha yamepoa, ndipo kila mtu apande kwenye bembea yake akiwa amebeba chupa.